Pindo la Shati la Baba

Kambini kwetu, mwisho wa Novemba

Mpendwa kaka Reino,

Ninachotaka kukueleza humu sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Lakini kwanza pokea salamu zangu. U hali gani huko melini? Redio inasema ziwa limechafuka, na wakitaja mawimbi tu, Mama huacha vyombo akasikiliza. Sisi hatujambo. Theluji imefika magotini, na paka wako amehamia kitandani kwangu.

Msimu wa kulungu ulifunguliwa tarehe kumi na tano, shule ikafungwa kama kawaida. Mwaka huu Baba aliniambia nije kwenye kambi yetu ya uwindaji nishike nafasi yako. Leseni ya kuwinda sina, kazi yangu ni kuni, jiko na kupasha moto sauna yetu ya kuogea mvuke. Baba mdogo Onni akiniona na kitabu huuliza kama mwandishi amesema kulungu wamejificha wapi. Kitanda chako cha juu hakuna anayekilalia. Wanaume wakishatoka asubuhi ninabaki na mlio wa jiko, na siku nyingine nasoma kwa sauti ili pawe na mtu anayeongea.

Sasa, Baba. Unakumbuka alivyokuwa akihesabu pembe za dume lililo ng'ambo ya kinamasi. Mwaka huu humimina kahawa nje ya kikombe. Leseni yake alinipa nimsomee, akasema siku hizi herufi zinachapwa na watu bahili. Onni alicheka. Na mimi nikacheka.

Jumanne alirudi kambini akasema amelifyatulia dume risasi akalikosa. Aliona mkia mweupe ukiruka kwenye ile miti ya maganda meupe. Desturi unaijua: anayekosa hukatwa pindo la shati, likapigiliwa ukutani pamoja na jina lake. Yako yapo, na ya Onni ni mengi hadi anayaita mapazia. La Baba halikuwahi kuwapo. Onni alinoa kisu kwa madaha, akamwambia, "Simama wima, mzee, leo umeingia chama chetu!" Baba akamuuliza kama amenawa mikono, maana shati ni jipya. Jirani yetu Tauno alicheka mpaka akakohoa. Baba naye alicheka, ila aliniangalia mimi kama mtu aliyeniangusha. Mimi ndiye niliyeshika misumari Onni akipigilia.

Reino, hapakuwa na dume. Nilikuwa mimi.

Nilikuwa nampelekea Baba mikate ya nyama na viazi. Ilikuwa ya moto na upepo ulikuwa mkali, nikavua kizibao changu cha rangi ya machungwa nikaifunika isipoe. Najua. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba msituni kizibao hakivuliwi hata kidogo, wawindaji wasije wakakudhania kulungu. Mikononi nilikuwa na glavu nyeupe alizonifumia Bibi. Niliteleza kwenye gogo, nikarusha mkono juu nishike tawi, na mti ulio karibu na sikio langu ukapasuka. Nilitambaa nikajificha nyuma ya magogo. Baba akaja kutafuta damu. Nilimwona akiinamia nyayo za buti zangu, akazipapasa, akasema peke yake kwamba ni dume zito. Sikumwita. Niliogopa kwamba nikitoka pale, hatashika tena bunduki wala kukanyaga tena kambi hii, na sijui Baba ni nani bila kambi hii.

Tangu siku hiyo nasoma ukurasa mmoja huohuo. Msimu unakaribia kufungwa, na Baba ameapa kulifuata dume lake kila siku iliyobaki. Watoto wa Tauno hupita kule kuteleza kwenye theluji.

Niliishia hapo jana, naendelea leo.

Asubuhi nilimfuata Baba hadi kwenye kibanda chake cha kuvizia. Nilimwomba bunduki, nikatoa risasi zote nikazitia mfukoni. Alinishangaa lakini aliniachia. Nilimwambia atazame upande wa ile miti na aniambie akiona kitu, kisha, asijue nimeondoka, nikazunguka kwa nyuma hadi kwenye mti uliopasuka. Nikavua kizibao, nikainua mkono wenye glavu.

Baba akanong'ona kwa nguvu, jinsi anavyofanya akisisimka, "Ndiye! Ndiye yule! Aune, usitikisike hapo ulipo!"

Nikamjibu kutoka kwenye mti kwamba ni mimi.

Akaja polepole. Nilishika kidole chake nikakiweka kwenye tundu la risasi. Akakiacha pale, na mkono wa pili akapapasa mpaka akapata sikio langu. Nilivaa kizibao, nikabeba bunduki, naye akashika bega langu tukarudi. Tulipofika alimwambia Onni amwite Tauno, kisha akawaeleza yote mwenyewe, amesimama chini ya pindo lake. Hakuna aliyetania. Nikapasha moto sauna.

Mama ataambiwa na Baba mwenyewe, ameniomba nimwachie. Barafu ikisimamisha meli, tafadhali usipitie kwingine, njoo moja kwa moja. Nisalimie wenzako wa melini, hasa yule mpishi anayekukopesha vitabu. Risasi bado ziko mfukoni mwangu.

Mdogo wako akupendaye,
Aune