Jina Nililokuandikia Mchangani

Malaba,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako kaka yangu Mwadime,

Salamu nyingi kutoka huku mwisho wa nchi, ambako mtu akipiga chafya, Mganda wa ng'ambo humwombea afya. Mwili wangu ni mzima. Kifua cha mama kinaendeleaje? Na wewe, ile gundi ya viatu bado inakuumiza kichwa? Nilikwambia ushonee nje ya kibanda, lakini wewe nani akuambie!

Barua yako ilifika na nimeisoma mara tatu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nina jambo moyoni, na kila nikishika kalamu naikimbia karatasi. Leo nitalisema, liwe liwalo.

Nina mtoto darasani, darasa la tatu, anaitwa Amoit. Ni Mteso, kabila la hapa hapa mpakani. Mama yake huwauzia chai na mandazi madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka. Akiwa na miaka sita aliugua malaria kali, masikio yakafa karibu yote. Ulimi ulibaki, anasema vizuri tu, kama wewe baada ya surua kukuziba masikio. Mwaka huu wahisani walimletea chombo cha kumsaidia kusikia: kijisanduku kinachofungwa kifuani kwa mikanda, na waya unaopanda mpaka sikioni. Penye kimya, na mtu akiwa karibu, Amoit anasikia. Uwanjani, na zile kelele za watoto na malori, anasikia mvumo tu.

Mimi ndiye niliyemsihi mwalimu mkuu mtoto huyu asitengwe, asome pamoja na wenzake. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya mambo hayo, kichwa kimejaa.

Basi watoto wakamtungia jina. "Redio Mbovu! Redio Mbovu haishiki stesheni!" Wanaimba wakimkimbiza, naye anakimbia akicheka mpaka jino la mwisho. Siku moja akaja akaniuliza, "Mwalimu, wananiitaje?" Nikainama karibu na kile kijisanduku nikamwambia, "Wanakuita ukacheze." Akarudi uwanjani mbio.

Niliwachapa wawili, wakahamishia wimbo wao nyuma ya vyoo. Ndipo nikapata wazo, na kaka, lilinipendeza mno. Niliazima redio kaseti ya mwalimu mwenzangu, nikaificha dirishani wakati wa mapumziko, nikawarekodi. Kengele ilipolia nikawakalisha wote kimya, nikasema, "Haya, jisikilizeni mlivyo." Nikafungulia sauti mpaka mwisho.

Kwanza walicheka, maana hakuna aliyewahi kujisikia kwenye kaseti. Kisha ukaja ule wimbo. Wakaanza kuinamisha vichwa, mmoja mmoja. Yule aliyeutunga akalia. Nikajiona mwalimu kwelikweli, nikavimba hata.

Halafu nikatazama dawati la mbele. Amoit alikuwa amekaa pale pale ninapomkalisha kila siku ili asikie vizuri. Darasa kimya, na redio hatua mbili tu kutoka kifuani kwake. Alikuwa amesikia kila neno. Ee Mungu wangu! Katika mipango yangu yote nilisahau kwamba na yeye ana sikio.

Hakuwatazama wenzake. Alinitazama mimi. "Mwalimu, ulisema wananiita nikacheze." Akafungua mikanda polepole, akakiweka kijisanduku mezani kando ya redio, akachukua daftari lake akaenda zake nyumbani.

Hajarudi shuleni, na wiki ya tatu hii inakatika. Wenzake walikwenda kumwomba msamaha, na akawagawia mandazi. Nilipokwenda mimi na kijisanduku chake alinipa mgongo. Mama yake akanipa kiti, akanimiminia chai. "Mwalimu," akasema, "hao watoto ameshawasamehe. Wewe ndiye hajui akufanye nini. Alikuwa anacheka hata kwa usingizi, huyu. Sasa hicho kitu avae asikie nani?" Nililia mbele za madereva, sikujali.

Kaka, sasa ndipo penyewe.

Unakumbuka siku ile kisimani, mwaka uliorudi kutoka hospitali masikio yameziba? Watoto walikuwa wakikuita kwa nguvu, nawe unawapungia mkono, unacheka. Ukaniuliza, "Wanasemaje?" Nikaokota kijiti nikakuandikia mchangani: BINGWA. Ulifurahi mpaka ukanibeba mgongoni hadi nyumbani.

Hawakusema Bingwa. Walisema Kinu, kwa sababu kinu hupigwa mchi na hakisemi. Na jina hilo hawakulitunga wao. Nililitunga mimi, Mwadime. Nilitaka wenzangu wacheke.

Nilidhani yatapita. Wewe ukalichukua lile jina la Bingwa ukakua nalo. Umeliandika kwa rangi nyekundu juu ya kibanda chako, wateja wanakuita hivyo, hata wifi anakuita hivyo. Kila nikija likizo napita njia ya nyuma ya soko nisikione kile kibao, nawe unanitania kwamba maringo ya ualimu yamenipanda kichwani.

Nimejiuliza siku nyingi kama si heri nikae kimya, ubaki na jina lako zuri. Lakini nimeona uso wa mtoto aliyegundua mwenyewe. Sitaki siku moja mlevi wa sokoni, aliyekuwa kisimani siku ile, akuandikie ukweli huu kwenye karatasi kwa kukucheka. Nimeona afadhali habari hii uipate kwangu, ingawa nimechelewa miaka yote hii. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, sitakulaumu.

Kijisanduku cha Amoit kiko kabatini kwangu. Nimetoa betri zisivuje. Jioni nikitoka shule huwa napita kwa mama yake nakaa, na Amoit hunipitia na birika kama anayepita kando ya jiwe.

Nisalimie mama, umwambie sweta yake nimeanza kuifuma. Msalimie wifi, na shangazi yetu anayekaa kule mlimani, na mjomba fundi saa ambaye hajawahi kufika mahali kwa wakati.

Barua zako zote unatia sahihi ya Bingwa. Ukinijibu hii, tia jina unalolitaka wewe. Na ukiona pale chini huna la kuandika, paache patupu. Nitajua imetoka kwako.

Mdogo wako,
Wakesho