Maganda ya Karanga

Jumanne, Geita. Msimu wa pamba. Jua, vumbi, na roho yangu haijatulia.

Mpaka leo mchana nilikuwa na hakika kabisa ni nani anataka nifungwe.

Serikali imekataza watu kukusanyika bila kibali. Mimi kibali sina, wala sitapewa. Nikikamatwa, kazi ya shule nimeipoteza, na akina mama hawa ninaowafundisha kusoma wataendelea kuuza pamba kwa mizani wasiyoweza kuisoma. Kwa hiyo alasiri tunakutana jikoni kwangu, kila mmoja na ungo mapajani. Akitokea mtu, tunamenya karanga. Chini ya karanga ziko karatasi zangu. Kitabu cha shule kinawafundisha "kofia" na "kengele", basi hadithi natunga mwenyewe: mwanamke, mizani, na karani anayependa kuiegemea. Wakifika kwa karani wanacheka mpaka machozi.

Wiki iliyopita akaingia Mama Kulwa, mke wa tarishi wa mtemi. Nani kamwalika? "Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akaketi karibu na mlango. Karatasi hakuitazama hata mara moja. Alitazama sakafu.

Shoga yangu Mama Milembe akaninong'oneza, "Mchunge huyo. Analala na tarishi, atakosa kumwambia?" Nikaona ni kweli tupu. Tangu siku hiyo Mama Kulwa akiniuliza kitu, namjibu nusu nusu.

Leo kawatangulia wote, kikapu kichwani. Akakimwaga chote jikoni kwangu. Maganda matupu!

"We mama, una wazimu?" nikafoka.

"Mwalimu, mnamenya karanga kila siku, maganda yako wapi? Mwenye macho si ataona?"

Wenzake wakafika, tukaketi, tukaanza kusoma. Hata ukurasa haujaisha, tarishi huyo mlangoni, na askari wawili nyuma yake. Tukafukia karatasi chini ya karanga, tukaanza kumenya. Akatazama nyungo, akatazama chini, akaona maganda yamefunika miguu yetu.

"Kazi njema, akina mama." Akachota karanga kiganja kizima, akaenda zake. Mkewe hakuinua hata kichwa.

Jamani, nimeona haya! Mtu niliyemnunia wiki nzima ndiye kaniokoa.

Ila nimekaa nikafikiri, na haya yamenitoka, hofu imerudi. Mama Kulwa alijua kwamba watakuja. Sawa, kamsikia mumewe. Na mumewe kasikia kwa nani? Alikuwa anajua kabla mkewe hajakanyaga kwangu, ndiyo maana mama wa watu alikuja kukagua sakafu.

Leo walikuja wote isipokuwa mmoja. Mama Milembe alituma salamu kwamba mtoto ana homa kali.

Jioni nikapita kwake na kibuyu cha uji wa mgonjwa. Nikamkuta Milembe uani, anafukuzana na kuku.

"Kapona ghafla," mama yake akasema. "Mungu mkubwa. Haya, leo mmesoma nini, shoga yangu?"

Tumelea watoto pamoja mimi na yeye. Nikamtazama usoni, naye akaanza kuwafukuza kuku.

"Tumemenya karanga," nikamwambia.

Kesho nitafundisha. Wapi, na akina nani, hata wewe shajara sikuambii.