Dume Jeusi la Mezani

Lodwar, 1976

Mureithi! Nachapa mbiombio, lori la Kakuma litakalobeba barua hii linapiga honi nje. Nimefumaniwa!

Bosi Gitau amenikuta ofisini nikikang'arisha kale kagarimoshi kangu keusi ka kuchezea, huku nikikaimbia. Ndiyo, nikikaimbia! Akakanyakua. "Mtu mzima na michezo ya watoto! Naitupa nje!"

Kwenye benchi alikuwepo Lokeno, yule mfugaji, akingoja kuhudumiwa. Akasimama na fimbo yake.

"Wewe, rudisha. Hiyo ni ng'ombe yake."

Ng'ombe, Mureithi! Ng'ombe!

"Mimi iko na dume nyeupe. Naimbia yeye kila siku, na jina yangu ya sifa imetoka kwa rangi yake. Ya huyu kijana ni nyeusi. Omba yeye msamaha."

Na bosi akakarudisha, akaniomba msamaha! Gitau, mbele ya makarani wote!

Lokeno akanishika mkono, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, Baba ya Nyeusi." Akaenda zake.

Hapo nikajua kazi sina. Bosi akafunga mlango, akanisogelea, akanong'ona:

"Mimi ninayo magarimoshi nyumbani, kabati zima, yote mekundu. Hebu muulize Lokeno, mimi ataniita nani?"