Jiko la Phelesia na Karatasi Isiyo na Jina

Dada mshauri mpendwa, salamu nyingi, naomba unisaidie kabla hii tumbo ipasuke, maana mimi si mtu wa kukaa na siri na sasa niko na moja kubwa. Watu wa mradi wa majiko walikuja hapa Homa Bay wakitaka wanaojua mambo ya jikoni, chifu akanichagua, ati hakuna jikoni sijaingia, na kweli, tukaulizwa kila mtu kivyake, karatasi bila jina, na tukaahidi kutosema nani aliandika nini: hii jiko mpya ya udongo inakula kuni kidogo, miaka kumi ikiisha itakuwa kwa nyumba ngapi kati ya kumi? Wenzangu waliandika nane, tisa. Mimi mbili, kwa sababu nimeona kuku ikitagia ndani yake kwa jirani yangu Javan, bibi yake amerudia kupikia mawe tatu. Mgeni akasoma majibu, akasema mwenye mbili atoe sababu, tena kwa karatasi, nikaandika, ukisonga ugali ya watu wengi hiyo jiko inatembea, akawasomea wote. Wengine kusikia hivyo, tukiandika tena, wakashuka mpaka nne! Sasa anayefinyanga hizo jiko ni rafiki yangu, nitamwita Phelesia, na alikuwa anangoja oda yao. Kusikia oda imesimama, akaja analia, "Aki nyaminwa, dada yangu, kuna mchawi huko ndani ameniua!" Nikampikia chai, nikanyamaza, mimi! Lakini Mungu ni nani, jana wamempatia oda, ati afinyange yenye kitako pana. Tumecheza mpaka majirani wakatoka nje, roho yangu imerudi. Shida, bado anasema akimjua huyo mchawi atamvunja mguu, kisha ananiangalia, "Wewe unajuanga kila kitu, ni nani?" Nimwambie?

Mwenye Tumbo Imejaa, Homa Bay

Mama, pumua. Hukumuua mtu; umemwokoa asifinyange majiko ya kuachwa. Karatasi haikuwa na jina ili kila mmoja aseme ukweli bila kumwogopa rafiki. Iache hivyo. Akikuuliza, mwambie mliahidi kunyamaza, mmalize.

Lakini nikugombeze. Ile habari ya kuku ulisimulia soko zima, usinidanganye. Ni nani hukumwambia? Phelesia! Mwenye mikono ya kurekebisha ndiye uliyempita. Hapo ndipo ulipokosa.

Sasa fanya hivi. Jiko la kwanza likitoka tanurini, beba unga na sufuria kubwa, usonge ugali kwake akiangalia. Likitulia, kuleni. Likitembea, mwambie kasoro yake hapo hapo, kwa mdomo, mwiko ukiwa bado mkononi.