Kiganja cha Udongo kwa Boma la Mamboya

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba ufunge mlango kabla hujaendelea. Usimsomee mtu barua hii, hata mumeo. Neno moja likivuja, katapila litafika kabla yako.

Unakikumbuka kile kilima cha Mamboya, walichokijenga mababu kwa udongo, kikapu kwa kikapu, wakaweka boma juu ili wavamizi wasiwafikie? Ulinipandisha pale nikiwa darasa la pili. Ulinijaza udongo wa shamba letu kiganjani, nami nikautupa njiani. Ukanirudisha mpaka shambani kuchota mwingine!

"Mvua inalila hili boma kila mwaka," ulisema. "Anayepanda mikono mitupu amekuja kuiba."

"Sasa kiganja changu kitasaidia nini, shangazi?"

"Lilianza na kiganja. Tembea, usinichekeshe."

Mwezi uliopita ililetwa ofisini, mezani kwangu, fomu ya mkandarasi anayetaka kukichimba kilima kile apate kifusi cha barabara. Mkubwa wangu wa kazi alisimama nyuma ya kiti changu.

"Kijana, pale pana nini?"

"Boma la kale, mzee."

"Umeona ukuta? Umeona bati? Andika kichuguu, twende tukale."

Nikaandika kichuguu, kwa mwandiko huuhuu uliokuwa ukiwaonyesha majirani.

Tangu hapo nimesoma kanuni yote ya vibali vya kuchimba, mara tatu. Pingamizi linapokelewa mpaka Ijumaa ijayo, iwapo mkubwa wa ukoo atafika mwenyewe, aeleze na kuweka dole gumba. Baba tumeshamzika. Umebaki wewe. Ukimaliza kueleza, nitasimama niseme kwamba fomu ile niliijaza kwa uongo. Huenda nikafukuzwa. Lakini nikinyamaza, hakutakuwa na mahali pa kumpandisha mtoto wangu.

Usinipigie simu; yangu hukaa mezani, kila mtu anaiona. Panda basi la asubuhi la kutoka Mikumi. Ukishuka stendi ya Kilosa, usiulizie ofisi. Fuata reli mpaka kwa mama muuza vitumbua, mwambie unamtafuta karani mwoga. Pale wote wananijua kwa jina hilo. Atamtuma mtu aniite, nami nitakuja mbio.

Pitia shambani kwako kwanza, shangazi. Usije mikono mitupu.

Mtoto wa kaka yako,
yule aliyetupa udongo njiani