Rejea ya Saba

Kaka,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Huku tu wazima. Mama ameacha kutembelea fimbo, na mwanao ameng'oka jino la mbele.

Marejeo ya makala yako niliyapanga jarida linavyotaka, kwa namba, kufuata yanavyotokea kwenye maandishi. Nilikuwa natuma ndipo ujumbe wako ukaingia: "Toa rejea ya saba. Usiulize."

Sikuuliza. Ni utafiti wa wifi, na nani hajui mmekorofishana? Nikaitoa, zilizofuata zikapanda nafasi moja. Kisha nikasoma tena sentensi yako ya dozi ya watoto wachanga. Bado inasema tazama namba saba, na namba saba sasa ni utafiti wa dozi ya watu wazima.

Fikiria, Kaka. Daktari mwenye kichanga mahututi hana muda wa kujiuliza nyinyi mmegombania nini. Ningeweza kuifuta namba hiyo, lakini dozi yenyewe umeitoa wapi kama si kwake?

Nimeirudisha. Jarida linafunga leo jioni, nami natuma hivyo hivyo. Foka utakavyo.

Ukitaka jina lake litoke, njoo umwambie mwenyewe. Yuko hapa kwetu tangu juzi; sasa kakaa sebuleni, mwanao kamlalia mapajani. Simu yangu inaita na jina lako linaonekana, siipokei. Kila ikiita, anadhani unamtafuta yeye.

Mdogo wako