Bibiche Aliposhika Usukani

Haltom City, Jumapili baada ya ibada

Yaya Fortunée, dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji hapo Houston. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila joto, na watoto wanaonijibu Kiingereza hata wakiwa na njaa. Nakuandikia kwa sababu simu zetu huwa ugomvi kabla salamu hazijaisha, na hili nataka ulisikie hadi mwisho. Binti yangu Zoé atakuletea kesho akija huko.

Nimerudi Alhamisi kutoka Uingereza kwa mdogo wetu Bibiche. Alikodi mashua ya siku moja tutembee kwenye mfereji. Ni mashua za chuma, ndefu, nyembamba kama korido, na mwendo wake ni wa mtu anayetoka kanisani. Usukani ni fimbo iliyo nyuma: ukitaka kwenda kulia, unasukuma kushoto. Nikasema hizo ni siasa za kwetu. Bibiche alicheka, akanikataza kuugusa. Eti mtu anayegombana na redio hapewi chombo.

Mfereji ulijaa kama barabara ya 635 watu wakitoka kazini. Bibiche akaigonga mashua iliyofungwa ukingoni, vyungu vya maua vikatumbukia majini. Mwenyewe, mzee wa kofia, akafoka kwamba tu vipofu. Yaya, unanijua. Nilimsomea mashtaka yote: mpira wa miti na shaba zilizoporwa kwetu, mipaka iliyochorwa na watu wasioijua Uvira. Akajibu kuwa yeye ni fundi bomba mstaafu, anaulizia maua yake tu. Nikamwambia kwao mweusi akishika usukani lazima aitwe kipofu. Majirani zake wakainamisha vichwa. Nilijiona nimeshinda.

Bibiche akaendelea na usukani wake. Mbele tukaingia kwenye chumba cha mawe chenye milango, ambamo maji hupunguzwa ili mashua ishuke. Tulikuwa tumeonywa: nyuma, chini ya maji, kuna kizingiti, mashua ikikikalia, inapinduka. Ukutani kuna mstari mweupe, mkubwa, wa kukuonyesha kilipo. Maji yakaanza kushuka, nasi tuko nyuma ya mstari. Nikapiga kelele asogeze mbele. Akaniuliza mstari upi.

Mama mmoja aliyekuwa ukingoni aliwahi kuyafunga maji kabla hatujapinduka. Bibiche akakaa chini, akalia. Macho yake yamekufa pembeni, Yaya. Anaona katikati tu, kama anayechungulia kwenye bomba. Daktari amemkataza gari. Naye kila siku anawapeleka kliniki wazee anaolipwa kuwatunza kwa gari hilo hilo, maana bila gari hana kazi, na anasema hatarudi kuwa mkimbizi wa kuhudumiwa. Aliniapisha nisikuambie.

Nimekuambia. Na kuna jingine. Asubuhi ya kuondoka, akinikaangia mayai, nilichukua funguo zake za gari, na za akiba pia. Ninazo hapa mezani. Amekuwa akinipigia tangu Alhamisi. Mimi niliyewajibu wachungaji na maprofesa, sipokei. Ujumbe wake wa leo unasema fundi atamletea funguo mpya Jumatano.

Wewe ndiye uliyembeba mgongoni tulipokimbia. Anakusikia wewe tu. Mpigie kabla fundi hajafika.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Mungu akuponye goti.

Akinitukana, usinitetee.

Mdogo wako,
Godefroid